Kisanduku cha Sh6,500

Bei ni Sh6,500. Ndani mna bodi moja ya bluu isiyozidi kiganja, nyaya za rangi rangi, taa ndogo za LED, pakiti ya rezista, sensa mbili tatu, mota ya kuzungusha panga la plastiki, na kijitabu cha picha. Juu ya kifuniko pameandikwa kwa Kiingereza kwamba mtoto wa miaka 8 na kuendelea ataanza kuvumbua siku hiyo hiyo. Visanduku vya namna hii vimeingia Kisumu na mtaala wa umilisi. Vilianza katika shule za kulipia, vikaja maduka ya mtandaoni yanayotuma mzigo kwa basi la usiku kutoka Nairobi, na sasa wazazi wa Manyatta na Nyalenda wanaulizwa na watoto wao mbona sisi hatuna.

Kinunuliwe, au kiachwe? Nimewaketisha wanne wabishane. Wote ni wa kutunga, ingawa maneno yao si ya kutunga sana. Ukikaa Kondele saa moja utayasikia. Mama anauza omena Kibuye na ana binti Gredi ya 8. Fundi ana kibanda cha redio na simu Kondele, na vijana humwita jaduong', yaani mzee, akiwapo, mkali akiwa hayupo. Mwalimu anafundisha sekondari ya msingi katika shule ya umma. Kijana anasomea uhandisi wa umeme Kisumu National Polytechnic. Mwenyekiti ni mimi, na naungama mapema kwamba nina upande.

MAMA: Nianze mimi, maana mlipaji ni mimi. Kila muhula naambiwa lete. Lete kadibodi, lete gundi, lete waya, lete betri, piga picha, tuma. Sasa binti yangu kaniletea picha ya kisanduku. Sitaki kusomewa faida za teknolojia, hizo nazisikia redioni. Niambieni tu: nikitoa pesa hii, ikifika Desemba atakuwa anajua jambo asilolijua leo, au nitakuwa nimeongeza plastiki juu ya kabati?

FUNDI: Juu ya kabati, mama. Na vumbi lake utalipangusa wewe. Mimi sikununuliwa kitu. Nilipewa redio iliyokufa, nikaambiwa ukiifufua ni yako. Wufa moja mbovu pale kwangu ina transfoma, dayodi nne, kapasita kubwa mbili, spika, swichi na waya wa kutosha, na mwenyewe ananiachia bure kwa sababu gharama ya kuitengeneza imemshinda. Hicho ndicho kisanduku. Yule mtoto wa Kitengela, Richard Turere, alikuwa na miaka 11 alipochoka kuona simba wakila ng'ombe wa kwao usiku. Alichukua betri kuukuu ya gari, kile kidude kinachofanya taa za pikipiki ziwake na kuzima unapokata kona, balbu za tochi zilizovunjika, swichi na paneli ya jua. Taa zikawa zinawaka kwa zamu, simba wakadhani kuna mtu anazunguka boma na tochi. Mwaka 2013 alisimama Marekani kwenye jukwaa la TED akaeleza dunia nzima. Alijifunzia wapi? Aliifungua redio ya mama yake, tena mpya. Hakuna aliyemuuzia kijitabu.

KIJANA: Mzee, nakuheshimu, lakini hadithi ya Turere tunaipenda kwa sababu ni moja. Watoto wangapi walifungua redio ya mama wakaambulia viboko? Hao hawaitwi TED. Halafu mtazame William Kamkwamba wa Malawi, aliyejenga kinu cha upepo kwa fremu ya baiskeli na vipande vya jalalani baada ya kukosa karo. Kila mtu anataja jalala. Hawataji kwamba alikuwa akienda maktaba ya kijiji, na huko alikuta kitabu cha shule cha Kimarekani kuhusu nishati, chenye picha na maelezo. Jalala lilimpa vyuma, kitabu kikampa mpangilio. Kisanduku kinauza mpangilio: leo taa moja, kesho swichi, keshokutwa sensa.

FUNDI: Mpangilio ninao kichwani.

KIJANA: Kichwani mwako, ndiyo. Binti wa mama huyu ataingiaje humo? Na kuna hatari. Chaja ya simu ukiifungua, kapasita yake kubwa inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuichomoa ukutani. Bodi ya kisanduku inapata volti 5 kutoka kompyuta. Mtoto akishika waya kwa meno hafi.

FUNDI: Mimi nimerushwa na stima mara ngapi? Niko hapa.

MAMA: Wewe uko hapa. Atakayekimbizwa Russia kwa tuktuk ni mwanangu.

(Kwa wageni: Russia ni hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, na jina limekataa kutoka.)

Hapa nawakatiza, kwa maana wanasema kisanduku kana kwamba kuna cha aina moja. Viko vya kubandika: vipande vina sumaku pembeni, vinashikana vyenyewe, na ukikosea vinasukumana. LittleBits ilitokea hivyo mwaka 2011, kazi ya Ayah Bdeir, mhandisi mwenye asili ya Lebanoni. Ni vitu vizuri mno kuvishika, lakini kila kipande kinatoka kwa mtengenezaji mmoja, na mwaka 2019 kampuni hiyo iliuzwa kwa Sphero. Viko vya mchezo, kama Makey Makey ya mwaka 2012, ambayo unaunganisha ndizi kwa waya na ndizi inakuwa kitufe cha kompyuta. Watoto hucheka hadi machozi. Kompyuta inatakiwa iwepo, bila shaka, na ndizi baada ya hapo hailiki. Kisha viko vya bodi. Arduino ilizaliwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, ili wanafunzi wasiokuwa wahandisi wapate kitu cha bei nafuu, na waanzilishi wake wakaiacha michoro yake wazi, yeyote aige. Ndiyo sababu bodi ya bluu iliyomo ndani ya kisanduku cha Sh6,500 si ya Italia. Ni nakala halali kutoka Uchina, na ukiinunua peke yake Nairobi unalipa elfu moja na kitu hadi elfu mbili. Waingereza walikuja na micro:bit mwaka 2016, BBC ikaigawa bure kwa watoto wa darasa moja nchi nzima, wapatao milioni 1.

Kwangu mimi, tofauti hiyo ya nani anatengeneza vipande ndiyo kesi yote. Mnunuzi akifika dukani asiulize kisanduku kinafanya miradi mingapi. Kila jalada linajisifu kwa idadi. Aulize: kipande hiki kikiungua, nitapata kingine wapi na kwa shilingi ngapi? Kama jibu ni Marekani, arudishe pesa mfukoni.

MWALIMU: Mwenyekiti, unasema kuungua kana kwamba ni bahati mbaya. Kwa darasa langu ni ratiba. Nina wanafunzi zaidi ya 60 katika chumba kimoja. Nikileta kisanduku kimoja, mmoja anashika, wanne wanaona, waliobaki wanasikia kelele. Na mimi mwenyewe nilisomea Biolojia na Kilimo. Sekondari ya msingi ilipofunguliwa Januari 2023, somo la ufundi wa awali lilitafuta mwenyewe, na aliyekuwa karibu na mlango ni mimi. Mwaka 2024 masomo yakapunguzwa hadi 9, kompyuta na biashara zikatiwa humo humo ndani ya ufundi. Sasa nafundisha kupima mbao, kuandika hati ya biashara na kuunganisha saketi. Rezista naichora ubaoni. Watoto wanaichora daftarini. Kuna waliomaliza muhula wakidhani ina ukubwa wa chupa.

MAMA: Basi mwalimu wewe unakitaka.

MWALIMU: Nakitaka na nakiogopa. Mnakumbuka ahadi ya vipakatalishi ya 2013? Vifaa vyenyewe vilianza kufika shuleni mwaka 2016, tabiti za watoto wa darasa la kwanza, zaidi ya milioni 1 nchi nzima. Nani kati yenu anayejua mtoto aliyejifunza kitu kwa tabiti ile? Zilikuwa mali ya serikali, zina namba, zikipotea mwalimu mkuu anajibu. Kwa hiyo zikafungiwa, na katika shule nyingi zilizeeka kwenye giza na mikanda yake. Kifaa ambacho mtu anaogopa kukiharibu hakifundishi.

KIJANA: Lakini hiyo ndiyo hoja ya kununua vipande vya bei ndogo! Ngoja niwaonyeshe somo la kwanza kabisa. Mtoto anachukua taa nyekundu ya LED, ina miguu miwili, mmoja mrefu. Anaichomeka moja kwa moja kwenye volti 5. Inawaka kwa ukali wa ajabu, anashangilia, kisha inafifia, inanuka kidogo, imekufa. Sasa anaweka nyingine, safari hii na rezista ya ohmu 220 mbele yake. Taa inakula volti 2, rezista inabeba 3 zilizobaki. 3 gawanya kwa 220, unapata miliampea 14 hivi, na taa inastahimili 20. Inawaka hadi asubuhi. Mtoto aliyeiua ile ya kwanza hasahau ohmu maisha yake yote, na hasara ni shilingi chache. Kwenye vile vya sumaku kosa hilo haliwezekani. Wamelizuia.

FUNDI: Hapo tumepatana. Kitu kisichokuruhusu kukosea ni cha kumnyamazisha mtoto ukiwa na wageni.

Walipatana kwa muda mfupi sana. Fundi alikuwa na lake la kutoa, na nadhani ndilo lililokuwa limemkaa rohoni tangu mwanzo.

FUNDI: Taa imewaka. Sawa. Baada ya hapo? Kijitabu kinasema sasa ifanye imulike. Kisha imulike haraka. Kisha ziwe tatu, kama za barabarani. Nimeona vijana wamemaliza kijitabu chote na hawana wanachoweza kumtengenezea mtu. Njoo Dunga asubuhi, maboti ya omena yakirudi. Zamani walivulia karabai za mafuta ya taa, kioo kinapasuka, utambi unachanika, mafuta yanakula nusu ya faida. Mwaka 2008 Wajerumani wa OSRAM wakafungua kituo Mbita cha kukodisha taa zilizochajiwa kwa jua. Sasa pwani nzima ni LED na betri. Na betri zinakufa! Mvuvi anataka aongeze saa moja, anainyonya betri ya volti 12 hadi inashuka chini ya 10 na nusu, anafanya hivyo kila usiku, baada ya miezi michache haishiki chaji, anakuja kwangu kana kwamba mimi ndiye niliyeila. Anahitaji kitu kidogo tu, kilie betri ikikaribia mwisho. Nionyeshe kisanduku kinachofundisha hicho.

KIJANA: Kinafundisha. Bodi inasoma volti hadi 5, kwa hiyo unaweka rezista mbili zinazogawa volti za betri kwa 3, unaandika mistari michache ya programu: ikishuka chini ya 11, piga king'ora. Unaweza kuongeza taa ya kijani, ya manjano na nyekundu ili mvuvi aone mapema.

FUNDI: Kompyuta nzima ya kulinda betri! Zena moja, transista mbili, rezista chache, king'ora. Haili umeme wa maana, haina programu ya kuchanganyikiwa, na maji yakiingia inakaushwa juani. Ikiharibika naitengeneza kwa vitu vilivyotoka kwenye televisheni ya jirani.

KIJANA: Ulichukua miaka mingapi kujua kuipanga hiyo zena?

FUNDI: Miaka yangu haikuhusu, omera.

KIJANA: Inanihusu, kwa sababu mimi nilianza na bodi na nikafika kwenye king'ora kabla muhula haujaisha. Baadaye ndipo nilijua hata bila bodi kinawezekana. Ningeanzia kwenye zena ningekuwa naendesha bodaboda.

MAMA: Na bodaboda ina ubaya gani? Tuendelee.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wanunuzi wengi wanapodanganyika, na si kosa la duka. Kifaa cha fundi ni bora kuliko cha kijana kwa mvuvi. Ni rahisi, kinadumu, kinatengenezeka Dunga. Lakini njia ya kijana ni bora kwa mwanafunzi, kwa sababu anabadilisha mstari mmoja na kuona matokeo papo hapo, bila kuomba vipande vipya. Vyombo vya kujifunzia na vyombo vya kazi si lazima vifanane, na anayekataa kisanduku kwa sababu hakitoi bidhaa anakipima kwa kipimo kisicho chake. Hilo nampa kijana. Ila fundi yuko sahihi kuhusu kijitabu: taa za barabarani za mezani hazimhusu mtoto wa Dunga, wala wa Ahero ambako mto Nyando ukifurika watu hulala madarasani. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi likameza fukwe na nyumba za pwani. Kinachowahusu hao ni nyaya mbili zilizoning'inizwa ndani ya ndoo, transista moja ya aina ya BC547, betri na king'ora: maji yakigusa nyaya zote mbili, transista inafungua, king'ora kinalia. Somo hilo lingekuwa ukurasa wa pili wa kijitabu cha Kisumu. Hakijaandikwa.

MAMA: Mmetaja wavuvi, simba, na watoto wa Malawi. Wote wavulana. Fundi, nikuulize. Nisiponunua kisanduku, nikamleta binti yangu akae kwenye benchi lako baada ya shule, ajifunze bure kama ulivyojifunza wewe. Utampokea?

FUNDI: Mama, unajua pale kwangu… vijana ni wengi. Maneno yao si mazuri. Aje na kaka yake.

MAMA: Hana kaka.

FUNDI: Basi Jumamosi asubuhi, kabla hawajajaa.

MAMA: Umesikia, mwenyekiti? Wanaosema jalala ni bure wanasahau kwamba jalala lina mlango na mlinzi. Kijana wa kiume ataokota wufa, atafukuzwa, atarudi, mwisho atazoeleka. Binti yangu akionekana Kondele saa kumi na mbili jioni amebeba spika mbovu, habari itanifikia Kibuye kabla yake. Kisanduku kinaweza kuwa plastiki, lakini kinafunguliwa juu ya meza yangu.

Hapa mwenyekiti alinyamaza, maana nilikuja na hoja yangu ya vipuri nikidhani inatosha. Haitoshi. Kipande kinachopatikana Kondele kwa shilingi kumi kinapatikana kwa anayeweza kufika Kondele.

MWALIMU: Kuna wale wasichana watano wa Kisumu Girls. Walijiita The Restorers. Walitengeneza programu ya simu, i-Cut, ya kumsaidia msichana anayetishiwa ukeketaji apate msaada. Mwaka 2017 wakaenda nayo California kwenye mashindano ya Technovation, na mwaka 2019 wakaingia kwenye orodha ya mwisho ya waliowania Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya. Hawakuwa wamenunuliwa kisanduku. Walikuwa na walezi kutoka LakeHub, hapa hapa mjini, waliokaa nao baada ya masomo.

KIJANA: Na kompyuta.

MWALIMU: Na kompyuta, ndiyo. Ninachosema ni kwamba kulikuwa na mtu mzima wa kuulizwa swali saa kumi jioni.

KIJANA: Na Fablab Winam ipo. Karakana ya kushirikiana, ina mashine za kuchapisha vitu vya plastiki, za kukata, vyuma vya kusolda, na watu wanaojua. Kwa nini kila nyumba inunue chake?

MAMA: Nauli ya tuktuk kwenda na kurudi kila Jumamosi, weka na chakula cha mchana. Piga hesabu ya mwaka, utakuta umenunua kisanduku na kingine.

KIJANA: Lakini nyumbani kuna jambo sijalisema. Bodi haifanyi kitu bila kompyuta ya kuandikia programu. Ukiwa na simu ya Android na kebo yake maalumu unaweza kujaribu. Mama una simu gani?

MAMA: Kabambe. Inapokea M-Pesa, inamulika choo. Inanitosha.

Basi. Sh6,500 zingefika nyumbani, kisanduku kingefunguliwa, taa moja ingewaka, na bodi ya bluu ingekaa ikingoja kompyuta ambayo haipo. Muuzaji hakusema uongo. Maandishi ya kwamba kompyuta inahitajika yapo, chini ya jalada, kwa herufi za kumtafuta mtu mwenye macho mazuri.

FUNDI: Na kitu kingine ambacho hakimo. Nimevifungua visanduku hivi, huletewa na wazazi mtoto akishakwama. Kuna sensa ya unyevu, sensa ya mwanga, rimoti, hata kiskrini. Sijaona kimoja chenye maltimita. Wanamfundisha mtoto kuwasha bila kumfundisha kupima! Betri imekufa au waya umekatika ndani? Hajui. Anabadilisha kila kitu, anachoka, anakirudisha ndani ya sanduku. Mita ile ya manjano haifiki elfu moja. Mtoto mwenye mita, betri nne za tochi na redio mbovu ananishinda mimi nilivyokuwa.

KIJANA: Nakubali. Hata chuoni wapo wanaofika mwaka wa pili hawajui kupima mkondo bila kuchoma fyuzi ya mita.

FUNDI: Wewe ulichoma ngapi?

KIJANA: Tuliache hilo, jaduong'.

Mimi ningekata shauri hivi. Kwa mama huyu, mwaka huu, kisanduku cha bodi kisiingie nyumbani. Cha sumaku kisiingie kabisa, hata akipewa nusu bei. Nyumbani aende na mita ya manjano, rezista na taa za kuunguza kwa wingi, transista kumi, king'ora, bodi ya kuchomekea nyaya isiyohitaji solda, na betri za tochi. Hesabu yake haivuki nusu ya ile bei, na binti anabaki mezani kwa mama yake. Bodi za bluu zinunuliwe na shule, kadhaa, ziguswe na watoto wanne wanne, mahali ambapo angalau kompyuta moja inawaka.

KIJANA: Mwenyekiti, umempa mfuko wa vipande. Ataanzia wapi? Nilisema mwanzo, kinachouzwa ni mpangilio.

MWALIMU: Kijitabu kinaweza kuandikwa. Masomo kumi na mawili, Kiswahili, yenye king'ora cha maji na kipima betri cha mvuvi.

KIJANA: Nitachora saketi.

FUNDI: Nitazijaribu kabla hamjachapisha, maana wewe utaweka kompyuta kila ukurasa. Na naweza kuja shuleni Ijumaa alasiri. Lakini Ijumaa ni siku ya pesa kwangu, mwalimu. Nani atanilipa?

MWALIMU: Shule haina fungu la fundi wa nje. Ningeandika barua…

MAMA: Achana na barua. Chama chetu cha Kibuye kina wanawake ishirini na zaidi, na wengi wana mtoto shule hiyo hiyo. Kila mmoja akitoa kidogo kuliko ambacho kisanduku kingemtoza, bodi zitanunuliwa, mita zitanunuliwa, na fundi atapata chake. Nitalipeleka kwenye kikao. Ila nina swali moja, na wataniuliza hilo kabla ya mengine yote. Vitu vikishanunuliwa vitakaa shuleni. Ufunguo wa kabati utakuwa kwa nani?

MWALIMU: Kwa mwalimu mkuu. Ndiyo taratibu.

MAMA: Basi hatutoi.

MWALIMU: Mama, ni mali ya shule, ikipotea…

MAMA: Itapotea, itaungua, itavunjika. Kijana amesema mwenyewe taa lazima ziungue. Mimi nanunua vitu vya kuungua, mwalimu, sinunui vya kuhesabiwa. Ufunguo ukae na watoto wa klabu, wapokezane, na mmoja wao awe msichana kila muhula. Vikiisha mtuambie, tutanunua vingine.

MWALIMU: Itabidi nimuulize mwalimu mkuu.

MAMA: Muulize leo. Kikao chetu ni Jumapili, na nikishaingia sokoni kesho sipokei simu hadi omena ziishe.